Nukta

Bodi ilinipa miezi sita na kiti cha kuzunguka.
"Izike," alisema mwenyekiti, akimaanisha Kobol,
lugha iliyolipa maziwa ya Njoro, Molo na Bahati
tangu mama yangu angali msichana wa shule.

Nikafungua faili. Herufi kubwa tupu,
kama mtu anayeongea na kiziwi.
Kila sentensi imeanza safu ya nane au ya kumi na mbili,
haitoki mstarini, imenyoa, imechomekea,
na mwisho wake imepigwa nukta.

Nikacheka. Nimesomea Egerton,
najua kujenga ukurasa unaochanua
kama pareto kwenye kioo cha simu.
Usiku niliandika, mchana nilifuta.
Zana niliyoanza nayo Februari
kufikia Juni ilikuwa imepitwa na matoleo mawili
na walioiunda walikuwa wameshaihama.

Julai tukalipa kwa programu yangu.
Senti zikaanza kupotea. Si nyingi:
moja kwa Kabon wa Elburgon, mbili kwa mjane wa Rongai,
senti ambazo hata sarafu zake hazionekani tena dukani.
Lakini mkulima huijua lita yake
kama unavyomjua mwanao kwa kikohozi.
Jumatatu foleni ilishuka ngazi hadi kwa fundi viatu.

Ndipo wakampigia simu Rispa Adhola,
aliyestaafu, anafuga sungura kule Kiti.
Alikuja na miwani mbili shingoni.
Hakuomba chai. Hakuomba nywila pia,
alikuwa bado anaikumbuka.

"Hapa," akasema, ukucha juu ya kioo,
"nukta ya senti haiandikwi. Inahesabiwa tu.
Mashine inajua ilipo, kama unavyojua
mlango wa kwenu ulipo stima ikipotea."
Kisha akashuka hadi laini ya elfu nne mia moja na ishirini:

MVUA IKIKATA DARAJA, MPE WASTANI WA SIKU SABA.

"Hiyo ni Aprili, themanini na nane.
Maziwa yalimwagwa mtoni, wanawake wakalia
hapo hapo ulipoketi. Meneja akasema sheria hakuna.
Nikarudi usiku, nikaiandika."

Hakuna hati iliyoitaja.
Hakuna mkutano ulioipitisha.
Imelipa karo za watoto wasiojua jina lake,
nami nilikuwa nimeiacha nje, kwa ajili ya usafi.

Sikuizika. Niliitoboa dirisha.

Sasa Kobol iko chumba cha nyuma,
feni yake inanguruma kama kuku anayetamia,
saa kumi alfajiri inajumlisha Nakuru nzima.
Mbele yake zana zangu za rangi rangi,
nazibadilisha kila msimu kama mapazia.
Kabon akigusa simu kando ya zizi,
swali lake linanipitia mimi,
linavuka hadi usiku ule wa Rispa,
linarudi na lita zote, na senti yake.

Mwenyekiti hajafurahi. Anasema
tumemwoza ajuza kwa kijana wa kuvaa vipuli.
Huenda. Mradi nyumba inakula.

"Na yako, Sigei," Rispa aliniuliza Alhamisi moja,
maana sasa huja kila Alhamisi kunifundisha,
bila malipo, mara nyingine na sungura wa kukaanga,
"na yako, nani ataisoma?"
Nikatazama dirishani, nikajifanya natafuta mvua.
Lugha yake imezeeka. Yangu
hufa ikiwa bado kijana.

Jana niliandika sheria mpya kwa zana mpya,
na juu yake sababu, na tarehe, na jina la aliyelia.
Nilipofika mwisho wa mstari
kidole kikaweka nukta, kwa mazoea.
Skrini ikawaka nyekundu: alama haitambuliki.

Niliitazama kwa muda
kabla sijaifuta.