Sarafu za Ukingoni

Tumefika Cleethorpes na bahari haipo.
Maji yamekupwa, yamevutwa huko mbali kama shuka
lililokwapuliwa na mwenzako usiku,
yametuachia tope linalong'aa, mbwa wawili,
na kibao: JIHADHARI, MAJI HURUDI KWA KASI.

Maji yakijaa hupwa, sawa.
Lakini yakishapwa, nani hushika zamu ya kuyangoja?

Baba anafungua kiti chake cha kukunja
anaketi kuielekea bahari isiyokuwepo,
vifungo vya koti hadi kidevuni,
mwezi wa Agosti.

Doncaster yote imehamia hapa. Scunthorpe yote.
Kila ukoo umejichimbia kitongoji
nyuma ya kitambaa cha kuzuia upepo,
migongo imeiva kama nyanya za kuozea sokoni,
na watoto wanapanga foleni kwenye bomba la kuoshea miguu
wapate maji ya kujaza handaki la kasri.

Punda wanapita, watano, majina yao
yameshonwa kwenye ukanda wa kipaji.
Bryony, mpwa wangu, ana miaka sita, anasoma kila kitu:
"Clement. Pip. Sultani. Mo... Mopsy. Enid."

Enid.
Kaka yangu Royston anaacha kutafuna.
Mimi nakagua kucha zangu.
Baba anamtazama yule punda kwa makini,
ubavu huu, kisha ubavu ule,
ndipo anatoa sentensi yake ya kwanza tangu stesheni:
"Masikio hayafanani."

Tunacheka hadi Royston anapaliwa,
na shakwe, aliyekuwa akisubiri jambo kama hilo,
anashuka na kuondoka na samaki wake mzima,
unga, siki na vyote.

Mvua saa tisa. Bila shaka.
Tunakimbilia kwenye ukumbi wa mashine,
taa zinazopepesa, zulia linalonuka soksi,
na ile mashine ya Mama iko palepale:
kioo, ngazi mbili zinazokwenda na kurudi,
na lundo la sarafu zilizolalia ukingo,
nusu ya mwili hewani,
ambazo kila mwenye akili anaona zitaanguka sasa hivi.

Mama hakuwa akitumbukiza ovyo.
Alingoja hadi ngazi ivute pumzi.
Baba anabadilisha noti ya pauni tano
anapewa shaba tupu, kikombe cha plastiki kinamwelemea,
anaanza: moja. Anangoja. Moja.
Lundo linasogea upana wa unywele.
Haianguki hata moja.
Saa nzima haianguki hata moja,
na anapoondoka, kikombe bado kina uzito,
anaipigapiga ile mashine begani
kama mtu anayemuaga ng'ombe.

Nyumba ya wageni ya Bi Thelma ina matangazo manane.
Kifungua kinywa saa mbili na nusu, si baadaye.
Kuvuta mnyororo mara moja tu baada ya saa nne usiku.
MCHANGA UTALIPIWA.
Baba amepewa chumba chenye vitanda viwili vidogo,
kwa sababu mwanamke wa simu aliuliza "wawili?"
naye akasema ndiyo.

Jumapili, bafuni, naikuta suruali yake
imeanikwa kwenye mdomo wa beseni, inachuruzika,
chumvi imeichora mstari
juu ya magoti.
Juu ya magoti, Baba!

Mezani anapaka siagi mkate wa kuchoma
kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kwenda na kurudi.
"Ilikuja?" nauliza.
"Ilikuja. Saa kumi na moja. Wala haikupiga hodi."
Anasogeza kibakuli cha jemu kwa Bryony.
"Baridi yake ni ileile."

Bi Thelma anatuongezea pauni moja, ya mchanga.
Baba habishi. Anatoa kikombe chake cha plastiki
analipa kwa shaba, sarafu hamsini,
akizisukuma moja baada ya moja, polepole,
hadi ukingoni mwa meza.