Kamba za Punta Arenas

Mji wetu una upepo wa kumwangusha ng'ombe.
Manispaa hufunga kamba kwenye kona za mitaa
ili wazee, na watoto wembamba, na mimi tangu Machi,
tuvuke barabara tukiwa bado tumesimama.

Daktari alisema: tumeondoa mji wa mimba.
Mji! Nilicheka, Nibaldo, utakumbuka,
nikauliza kama wamemwacha hata mlinzi wa geti.
Wewe hukucheka. Ulikuwa unahesabu vigae vya dari.

Kisha mionzi, wiki sita huko Santiago,
nimelala kitanda cha mtoto kwa binamu yako,
mwili unawaka usiku kama uliomeza jiko.
Niliporudi ulikuwa umehamia sebuleni.
"Nisikusumbue usingizi," ulisema.
Kochi lile ni fupi. Asubuhi ulitembea shingo upande,
nami nikaisoma shingo hiyo: hanitaki tena.
Wewe, nyuma ya ukuta wa mbao, ulisoma: hataki nimguse.
Miezi saba tulisoma hivyo, kila mtu na kitabu chake.

Muuguzi Hortensia alinipa mfuko wa kitambaa.
Ndani, vijiti vinne vya plastiki, rangi ya maziwa,
vimepangwa kwa ukubwa kama sufuria za bibi harusi.
Akanieleza bila kunong'ona: uke umekauka, umefupika,
ukiachwa utajifunga wenyewe kama kidonda.
Dakika kumi, mara tatu kwa wiki, anza na kidogo.
Niliuficha kabatini, nyuma ya unga,
mahali ambapo mkono wako haujawahi kufika.

Lakini wewe ni fundi majokofu
katika mji ambao baridi ni ya bure;
kazi yako ni kutafuta ubovu usioonekana.
Na Jumapili ile, sijui nini kilikuingia,
ulitaka kukaanga maandazi ya maboga.

Nilikukuta umesimama, mikono myeupe kwa unga,
vijiti vinne mezani, mstari mmoja,
miwani ya kazi puani, unasoma karatasi ya maelekezo
kwa kidole, kama unavyofuata waya ulioungua.
Nilitaka ardhi ipasuke.
Ukasema: "Kumbe hiki ndicho kinachokuliza bafuni."
Halafu: "Nilidhani ni mimi."
Mafuta yalianza kufuka moshi. Nikazima jiko.

Nitasema kweli, kwa kuwa hakuna anayeisema:
usiku huo hatukufanya lolote la kusimulia.
Ulipasha mafuta ya kulainisha kati ya viganja,
ukaweka saa yako ya mkono juu ya mto.
Cha kwanza kiliingia. Cha pili kiliuma,
ukakitoa kabla sijamaliza kusema basi.
Tukarudi kwenye cha kwanza. Dakika ya saba nililia;
ya nane ukaniuliza kama ankara ya gesi imelipwa.
Nilicheka hadi kikaponyoka, kikabingirika uvunguni,
na paka akakifuata.

Aliyesema nyumba njema si mlango
hakuwahi kukatwa mlango wa kizazi.
*Fungua uingie ndani*, anaendelea,
kana kwamba ni jambo la komeo tu.
Kuna usiku nakutaka kwa kichwa, na chini hapaitiki.
Kuna usiku wewe ndiye unayeshindwa,
unaogopa kuniumiza, unauomba ukuta msamaha.
Basi nakukuna mgongo. Unakoroma.
Unyumba wetu, siku hizi, ndio huo,
na mara moja, mwezi wa tisa, ulikuwa zaidi,
lakini hilo ni langu na lako.

Leo upepo umeng'oa bati la kanisa.
Kwenye kona ya benki umeshika kamba kwa mkono mmoja;
ule mwingine umeuingiza ndani ya koti langu,
chini ya sweta, juu ya kovu,
mbele ya foleni nzima.
Una baridi kama barafu mkono huo, mpumbavu wewe.
Uache hapo hapo.