Daftari la Vipimo

Ukurasa wa arubaini na moja, wino umefifia:
Twahiri na Muhsini, wana wa Bi Zuhura, Kibokoni.
Pacha. Nimeandika safu moja, majina mawili juu yake:
mabega kumi na saba na nusu,
shingo kumi na nne, kama ya jogoo.
Mwaka ule nilijisemea, wino wa nini kurudia?

Wakaondoka mwezi mmoja. Huyu Denmaki, huyu Italia.
Leo wamesimama tena mbele ya cherehani yangu.
Ijumaa kuna nikaha ya mpwa wao,
na wataka kanzu za kazi ya mkono kwa siku nne,
kana kwamba vidole vyangu havikuzeeka walipokuwa huko.

Simama wima, Twahiri.
Asimama kama mtu anayengoja namba yake iitwe.
Denmaki, asema, ukiugua huulizwi mfuko.
Basi likiandikwa saa mbili na dakika nne,
dakika ya nne lipo.
Karibu nusu ya mshahara yakatwa
na hajapata kuuliza imekwenda wapi:
aikanyaga kila siku, ni barabara.

Muhsini acheka. "Na jirani yako aitwaje?"

Twahiri atazama dari.
Miaka kumi na tisa. Amjua kwa maji ya bafu lake,
saa kumi na moja na robo, kila alfajiri.

Naandika: mabega kumi na sita.
"Ni makoti," asema. "Makoti ya baridi ni mazito."
Sikumjibu. Bega nalijua. Bega halikunjwi na sufi.

Geuka, Muhsini. Vuta pumzi. Utepe haukutani.
Italia, asema, watu hugombana
wakapatana kabla chakula hakijapoa.
Akikohoa usiku, mwenye nyumba, bibi kizee,
humpandishia supu ya maharagwe, ngazi tatu, na magoti yale.
Lakini mshahara wa mfungo mosi huuona mfungo tatu,
na kibali cha kukaa hukipigia foleni tangu gizani,
mkoba wa karatasi kifuani kama mtoto mchanga.
Bintiye aota kwa Kitaliano. Bado aandikwa mgeni.

Kiuno arubaini na nne.
"Hiyo ni raha, fundi!" Ajipiga tumbo.
Ila mkono wa kulia umemzidi wa kushoto nusu inchi.
Masanduku ya nyanya, miaka kumi na tisa, upande mmoja.

Wakaanza. Njoo kwangu wewe. Wewe njoo kwangu.
Kodi ya nyumba, jua, shule, bei ya mafuta ya kupikia,
wakishindana kama wauza machungwa wa Marikiti,
kila mmoja lililooza amelifukia chini ya kapu.

Mara Twahiri akaniinamia:
"Na hapa, fundi? Maisha?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa pini.
Mfereji haujatoa tone tangu Jumanne,
mtungi umefika shilingi hamsini hadi mlangoni.
Nikichelewa kufungua duka, Mama Rukia wa viazi karai
hubisha kwa mwiko wake, akanitukana nikiitika.
Vyote viwili vilikuwa nyuma ya zile pini.

Umeme ukakatika.
Hakuna aliyelalamika. Wakawasha simu zao,
huyu kulia, huyu kushoto,
na kitambaa kikawa na vivuli viwili vya mkono wangu.
Nikazisogelea taa hadi pua ikagusa melimeli.

"Fundi, jicho lako hilo..."
"Mtoto wa jicho. Nimeambiwa elfu themanini kwanza."
Kimya. Mkasi wangu tu.

"Denmaki hulipasua bure?"
"Bure."
"Italia?"
"Bure," asema Muhsini. "Ukiwa na karatasi."

Nikawapima shingo mwisho.
Kumi na tano na nusu. Kumi na tano na nusu.
Nikafungua ukurasa mpya, nikapiga mstari katikati
kwa chaki, maana kalamu sikuiona,
na ulikwenda upande.