Muhuri Mkavu

Mwaka mzima meya wetu hana ubavu
wa kununua hata benchi moja ya bustani
bila zabuni tatu, kikao, na saini ya mhasibu
ambaye Ijumaa huwa hapokei simu.
Lakini usiku ule wa Novemba, saa nane kasoro,
mto Po ukiwa umejaa hadi kooni,
sheria ilimkabidhi kila kitu:
barabara, kengele za kanisa,
katapila la mtu, usingizi wa mtu,
shamba la mtu.

Mimi ni karani tu. Nilikuwepo kwa sababu
ufunguo wa kabati la mihuri ninao mimi.

Mhandisi wa mkoa alikuwa kwenye simu, sauti inakatika:
mita saba na nusu, bado unapanda,
tuta kubwa linatoa jasho upande wa chekechea,
likateni tuta dogo la mashambani kabla ya saa kumi,
maji yapate pa kulala.
Pa kulala ni mipea ya Egidio Tamagnini,
miti elfu moja na mia mbili
aliyoipanda mwaka aliofiwa na mkewe.

Ondina, meya wetu, ni mfamasia. Amezoea
kusoma mwandiko mbaya wa wengine;
usiku ule wa kwake ulikuwa mbaya zaidi.
Akaandika: Naamuru. Akafuta.
Akaandika: Inaamriwa. Akafuta tena,
akarudisha Naamuru.

"Hakunipigia kura," alisema bila kuniangalia,
"alinitangazia mwenyewe, sokoni, mbele ya meza ya jibini.
Watasema nalipiza."
Nikamwambia fomu haina mahali pa kujaza hilo.
"Ndiyo maana inatisha," akasema, akasaini.

Muhuri ulikuwa mkavu.
Wino ulikuwa umegandia kidauni tangu kiangazi.
Akatoka nao hadi mlangoni, akaunyoosha kwenye mvua,
akarudi, akagonga:
duara la zambarau, lenye mnara na shuke la ngano,
likajitokeza nusu.
Nusu ilitosha.

Kule tutani Gualtiero hakuwasha katapila.
"Bila karatasi mimi ni mhalifu," alisema,
"nikiwa nayo ni mtumishi. Iko wapi?"
Akaisoma kwa taa ya kichwani, mstari kwa mstari,
mvua ikilamba wino, kisha akaikunja
akaisunda ndani ya kofia.

Egidio alisimama kando na mwavuli.
Hakulia, hakutukana. Aliuliza tu
kama angeruhusiwa kutoa ngazi zake za kuchumia.
Akaruhusiwa. Akazitoa tatu, moja moja,
na sisi wote, wenye sheria mkononi,
tukamsubiri.

Maji yaliingia kwa kusitasita
kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba.
Kisha yakaijua.

Saa kumi na mbili mto ulisimama
sentimita kumi na moja chini ya alama nyekundu.
Ni sisi? Au ni mvua iliyochoka huko milimani?
Mhandisi sasa anasema huenda.
Usiku ule hakusema huenda hata mara moja.

Jumatatu hali ya hatari ikafutwa
kwa barua ya mistari miwili,
na Ondina akarudi kuwa mtu wa zabuni tatu.
Egidio alikuja na viatu vya matope kuomba nakala ya amri;
watu wa bima wanataka muhuri unaosomeka.
Nikamwambia ndio huo, hakuna mwingine.
Akaisogeza karatasi dirishani, akasoma kwa sauti,
"kwa usalama wa umma,"
akaniuliza, si kwa ubaya, kama mtu anavyouliza bei:
"Na mimi usiku ule nilikuwa nani?"

Nikamtoza yuro mbili za nakala. Ndiyo kanuni.

Ngazini walipishana, yeye akishuka, meya akipanda.
Wote wawili wakasema samahani
kwa wakati mmoja, kama watu wanavyosema
ngazi ikiwa nyembamba.