Fahali wa Ukumbini

Kila Ijumaa, kabla wageni hawajaamka,
naegemeza ngazi ukutani
nimpanguse fahali.

Picha ya mafuta, pana kuliko mlango.
Bosi aliinunua Entebbe, mnadani, jumba la mzungu lilipofilisiwa,
ikaja Mbarara juu ya lori la matoke
imefunikwa chandarua kama mwali.
Anasema ni nakala ya kale, ya Kifaransa:
mungu aitwaye Zeusi alijigeuza ng'ombe
ili amwibe binti wa mfalme.
Mawingu ya waridi. Vitoto vyenye mbawa, matako mekundu.
Wasichana wanamvika fahali taji la maua
na binti amekaa mgongoni, kisigino kimechovywa nuru,
kama mtu aliyekuja kupigwa picha tu.

Leo baba aliingia na madebe ya maziwa,
akavua kofia. Si kwa mungu; kwa ng'ombe.
Akamkagua kimnada, mguu kwa mguu.
"Pembe za mbuzi hizi.
Na ngozi hii, jua la Nyabushozi lingeimaliza kabla ya adhuhuri.
Nani humvika dume maua? Atayala."
Kisha akauliza jambo ambalo bosi hakulisimulia:
"Kwao walipokea wangapi?"

Hakuna, nikamwambia. Ng'ombe ni huyuhuyu.
Mahari ilikuja yenyewe,
ikapiga magoti, ikambeba, ikaingia majini.

Alicheka.
Kisha akaacha kucheka.

Dada yangu Kabasinga tulimsindikiza hadi Isingiro,
gari limefungwa utepe, sisi wadogo tukirusha maua.
Alitabasamu, mama husema, tazameni picha.

Nikalowesha pamba kwa mate
(mate hung'oa moshi kuliko sabuni)
nikasugua pale penye giza, karibu na sikio la fahali.
Miaka mitatu nilidhani mkono wa binti umepumzika.
Kikatoka kidole.
Kikatoka kingine.
Ameikamata pembe
hadi vifundo vimekuwa vyeupe kuliko ng'ombe.
Mchoraji alijua. Moshi ni wetu.

Baba alikuwa ameshika miguu ya ngazi nisianguke.
"Walikuwa kumi na wawili," akasema.
"Wanane wangali hai. Bihogo alizaa juzi."
Madebe yakapoa sakafuni. Jikoni wakaanza kumwita.
"Usoni," akasema. "Futa na usoni."

Nikafungua kinywa.
Mate yalikuwa yamekauka.