Kisima, Toleo la Kumi na Tisa

Usiku wa kwanza niliandika sentensi moja tu:
"Kisima cha Kibokoni kilichimbwa na Mwatumu binti Khatibu."
Nikafunga duka la fotokopi, nikaenda kulala nimeshiba.
Alfajiri nikakuta umeifuta.
Umeacha neno moja, Pwezambili, na alama ya kuuliza:
Chanzo?

Chanzo! Mimi niliyekua nikiteka maji pale,
niliyevunjika jino la mbele kwenye ukingo wake,
naulizwa chanzo na mtu aliyejipa jina la pweza.
Nikairudisha. Ukaifuta.
Nikairudisha na matusi kidogo, ya adabu, ya Kimvita,
yale ambayo asiyeyajua hudhani ni dua.
Ukaifuta, ukaweka ya kwako:
"Kilichimbwa na Idara ya Maji," na nyuma yake tarakimu ndogo,
ripoti ya mhandisi, ukurasa wa arobaini na moja.

Sasa nani atabishana na ukurasa?
Shangazi Mwanakheri hana ukurasa.
Ana meno matatu na kumbukumbu,
na kumbukumbu, ulinambia, haipigwi muhuri.

Siku ya nne msimamizi akatufungia mlango sote wawili.
Hakusema nani mkweli. Alisema: nendeni mkazungumze.
Nikamchukia wiki nzima.
Msema pweke hakosi, na mimi nilizoea kusema pweke,
kaunta mbele, feni juu,
wateja wakingoja nakala za vitambulisho.

Nikaenda kutafuta. Si kwa kupenda ukweli, nakiri;
nilitaka kukushinda.
Kwa wakili Tayabali, Makadara, kulikuwa na sanduku la bati,
ndani hati ya wakfu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
mchwa wamekula pembe yenye tarehe.
Nikasoma kwa kidole:
"Mimi Mwatumu binti Khatibu nimekitoa kisima changu..."
Nilikuwa nimeshaanza kukutungia jibu, jibu tamu,
nilipofika mstari wa sita:
"alichokichimba Feruzi, mtumwa wangu."

Nilikaa pale mpaka wakili akauliza kama nataka maji.

Ningeweza kunakili mistari mitano.
Mashine ni yangu, kioo ni changu,
karatasi ningeikunja hapo, nani angejua?
Niliikunja.
Nikaikunjua.
Nikakutumia picha yote, na mchwa wake.

Ulikaa siku mbili kimya. Kisha:
"Ripoti yangu nimeirudia. Inasema kukarabati.
Nilisoma nilivyotaka. Niwie radhi."
Na chini yake lile neno lako tena,
ila safari hii halikunilenga mimi:
"Feruzi ni nani? Chanzo?"

Tumetafuta. Tarehe hatuna. Kaburi hatuna.
Na hili nalo sikukwambia mapema, kanuni zilitaka niseme:
Mwatumu ni wa kwetu, ndiye aliyemzaa bibi yake shangazi.
Shangazi nilipomtajia Feruzi alinyamaza,
akaenda kugeuza mahamri
ambayo hayakuwa tayari kugeuzwa.

Toleo la kumi na tisa linasimama hivi:
"Kwa mujibu wa hati ya wakfu, kisima kilichimbwa na Feruzi,
mtumwa wa Mwatumu binti Khatibu, aliyekitoa kwa mtaa.
Baadaye Idara ya Maji ilikikarabati."
Inasomeka kwa kukwaruza, kama barua ya mahakama.
Jana umeongeza koma. Nimeitoa. Umeirudisha.
Nimeiacha.

Nje mkokoteni wa maji unapita, mtungi shilingi arobaini.
Kisima chenyewe kimezibwa kwa saruji,
juu yake pikipiki mbili zimeegeshwa.
Na baada ya jina la Feruzi umeweka mabano,
ndani yake: chanzo zaidi kinahitajika.

Hayo sitayafuta.