Mlango wa Tanuri

Bwana Masakhwe amesukuma funguo mezani,
saba, zimefungwa kwa uzi wa gunia la unga.
"Hongera, Nthenya. Meneja wa zamu ya usiku.
Kampuni imekuona."

Imeniona.
Miaka tisa nimo humu, Barabara ya Lunga Lunga,
kichwa kikiota mvi za unga kabla ya mvi za umri,
na leo ndipo imeniona.

Nimeuliza: na mshahara?
Ametabasamu kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe.
"Mshahara tutauangalia. Kwanza cheo.
Cheo kina heshima yake."

Heshima naijua, Bwana.
Nimewahi kuipeleka dukani kwa Muthengi, pale Mukuru,
hakunipimia nayo hata robo ya sukari.
Hayo nimeyasema kimoyomoyo.
Mdomoni nimesema "Nashukuru,"
kisha nimetoa karatasi.

Niliiandika usiku wa kuamkia leo,
mwanangu Mutunga akinisahihishia asilimia:
mikate elfu kumi na mbili kwa zamu;
iliyoungua ilikuwa mia nne, sasa haifiki tisini,
tangu niliposhikishwa zamu "kwa muda tu,"
muda ambao umetimiza miezi kumi na moja.
Stima ikikatika saa nane za usiku, anayepigiwa simu ni mimi.
Mashine ya kukanda ikigoma, ni mimi.
Na aliyenitangulia katika kiti hiki
aliisahau hati yake ya malipo kwenye droo,
chini ya pakiti ya njugu:
elfu themanini na tano.
Mimi mnanipa thelathini na nane, na hongera.

"Elfu themanini na tano," nimesema.
Sikuongeza "kama inawezekana."
Sikuongeza "najua hali ni ngumu."
Sikutaja karo, wala kodi, wala goti la mama kule Wote;
hayo ni yangu.

Kisha nimenyamaza.

Hapa ndipo tanuri liliponifunza.
Mkate ukishaingia, funga mlango.
Ukiufungua kuchungulia, kwa huruma au kwa woga,
baridi huingia na mkate hukaa chini
kama mtu aliyeletewa habari mbaya.
Basi nimefunga.
Feni inazunguka. Uani lori linarudi nyuma, pii, pii.
Bwana Masakhwe amezipanga kalamu zake. Ziko tatu.
Amesema "bajeti." Nimefunga.
Amesema "sisi hapa ni familia."
Nusura nifungue, nimuulize ni familia gani
humkata mtu malipo ya nusu siku
kwa kuchelewa dakika kumi na mbili.
Nimefunga.

"Sabini," amesema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.
"Na gari la kunirudisha nyumbani alfajiri," nimesema,
"na themanini na tano baada ya miezi sita. Kwa maandishi."
Funguo bado ziko pale pale. Sikuzigusa
hadi printa ilipomaliza kukohoa.

Saa tatu usiku nimeingia zamu.
Kicheko kilichokuwa kwenye meza ya kupakia
kimekatika kama stima.
Hilo sikulitia katika hesabu;
Mutunga hana asilimia yake.

Kasiva, niliyezoea kugawana naye chapati moja
na chai ya rangi, tukiketi juu ya kreti,
amejipangusa mikono kwenye aproni.
Ameziangalia funguo kiunoni mwangu, kisha uso.
"Hongera, Meneja. Na sisi je?"

Kisha amenyamaza.

Tanuri ni lile lile, limetufunza sote wawili.
Nimeusikia mlango ukifungwa,
na safari hii niliye ndani ni mimi.